Jokofu la Moto na Mfuko wa Vijana

Kwako mdogo wangu, mwalimu mstaafu,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa sasa, na bado natafuna mkate mkavu kwa meno yangu mwenyewe, yale yaliyobaki. Nimewazika madaktari wawili walioniambia nisipoacha kahawa sitafika sitini. Benki iliyoninyima mkopo wa mashine ya kuchomelea nilipokuwa kijana ilifungwa, jengo lake sasa wanauza magodoro, na mimi bado nipo. Mwenye nyumba aliyetaka kunitoa karakanani kwa mabavu amekwenda, mwanawe naye amekwenda, na leo kodi nampelekea mjukuu wake ambaye ananiamkia. Mapaa mawili ya karakana hii yameoza yakadondoka, mimi niliyeyapiga misumari niko chini ya la tatu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka huu ndio umeniweza, ujue si uzee unaosema.

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji, na hilo goti lako nalisalimu peke yake, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua mwende wapi na msiende wapi. Sisi huku tunaendelea. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, nikishika nyundo unanyamaza. Mkwe wangu hajambo. Mjukuu wetu, binti yake, hajambo kwa mwili.

Najua umenikasirikia. Ulipiga simu ukauliza kwa uzuri tu, kaka, jokofu linaendeleaje, nami nikakata. Ukapiga tena, nikakata tena. Ndipo ukamwambia mkwe wangu kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Kwenye nyumba hii simu moja inasikilizwa na watu wote mpaka jirani, na jambo nililonalo si la kusemwa kwa kupiga kelele. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Soma taratibu, na nakuomba usinirudishie ikiwa na wino mwekundu kama ulivyofanya ile nyingine. Mimi darasani nilikaa miaka mitatu tu, na hata hiyo mitatu mwalimu alikuwa akinisikiliza zaidi kuliko mimi nilivyomsikiliza.

Jokofu lenyewe umelisikia kwa simu tu, hujaliona, kwa hiyo ngoja nikueleze kama ninavyomweleza mteja. Mjukuu wetu alipomaliza chuo alirudi na wazo lililowafanya watu washike mbavu. Alisema atatengeneza barafu kwa moto. Bila umeme, bila mafuta, kwa maranda tu, yale ambayo seremala jirani yangu huyachoma ili ayaondoe mlangoni. Mimi mwenyewe nilimwambia, mjukuu wangu, ada yote ile tumelipa ili uturudie na hadithi za sungura? Hakukasirika. Alichukua chaki akachora sakafuni. Mitungi miwili ya chuma imeunganishwa kwa bomba. Mmoja una maji yaliyochanganywa na amonia, ile dawa kali inayonuka kama choo cha stendi. Huo unauweka juu ya jiko la maranda. Ukipata moto, amonia inatoka kwenye maji kama mvuke, inapita bombani, inaingia mtungi wa pili uliolala kwenye beseni la maji, na humo inapoa inakuwa kimiminika. Unazima jiko. Mtungi wa kwanza ukishapoa unaanza kuitamani amonia yake na kuivuta irudi, na huo wa pili, kwa kunyang'anywa, unakuwa baridi mpaka unaota barafu nje. Unauingiza kwenye sanduku, unafunga, na maziwa yanakaa salama mchana kutwa. Kesho yake unawasha tena. Basi. Hata wewe uliyekuwa ukifundisha historia umeelewa.

Tulilijenga karakanani kwangu. Mimi nilileta bomba la shaba, zuri, linang'aa kama pete. Akaniambia, babu, amonia inakula shaba. Nikamwambia tangu nianze kazi hii sijaona shaba ikiliwa na kitu isipokuwa wezi. Baada ya muda bomba likawa la kijani, likatoboka, likaanza kuvuja. Nikanunua la chuma, naye hakunikumbusha, ndivyo alivyolelewa. Lakini hata na bomba la chuma jokofu likakataa. Lilikuwa linapoa kidogo, kama maji yaliyowekwa kivulini, halafu basi. Likakataa, likakataa, halafu siku moja likakubali. Lilivyokubali nitakueleza mbele, usinivute shati. Kwa sasa jua tu kwamba lilikubali, na kwamba mama muuza maziwa wa mtaani kwetu alishika kipande cha kwanza cha barafu, akakiweka shavuni, akacheka akisema kinamuunguza. Halafu akaacha kucheka akauliza linauzwa bei gani. Siku za joto yule mama humwaga maziwa mtaroni, na wenzake wa kikundi humwaga pia. Lile halikuwa swali la mzaha.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye swali hilo la bei. Jokofu moja tulilitengeneza kwa vyuma chakavu na akiba ya mkwe wangu. Kutengeneza mengi kunataka mitungi mipya iliyopimwa, kunataka amonia ya kununua kwa pipa, kunataka mabomba mazima. Kunataka pesa. Na pesa, mdogo wangu, nimeijua mwaka huu: haiji mpaka ikukute unayo.

Tulianza na benki. Nilivaa lile koti nililovaa kwenye harusi ya mwanangu. Kijana wa mikopo, mwenye tai nyembamba kama utambi, aliuliza kampuni ina umri gani. Mjukuu akasema miezi minane. Kijana akaomba hesabu za miaka mitatu iliyopita. Nikamuuliza, baba, mtoto wa miezi minane utamdai cheti cha shule? Akatabasamu kama mtu aliyefundishwa kutabasamu, akauliza habari ya dhamana. Nikamwambia dhamana ni mimi, aulize kuanzia sokoni mpaka hospitali ni nani aliyetengeneza mageti yao. Akaandika kitu kwenye nafasi ya dhamana. Nilijinyoosha nikasoma. Aliandika kwamba hakuna.

Kikundi cha wauza maziwa kilikuwa tayari kununua, lakini mweka hazina wao, mwanamke mkali, alisema hatoi pesa ya watu kwa kitu kisicho na mhuri wa ofisi ya viwango. Ana haki. Tukaenda ofisi ya viwango. Huko wakasema tulete majokofu sita yapimwe, na mawili yatapasuliwa ili waone yanapasukaje. Tukaenda kwa wenye pesa tupate ya kutengeneza hayo sita. Wenye pesa walilisifu jokofu mpaka nikaona aibu, mimi ambaye sioni aibu kusifiwa, halafu wakasema turudi tukishakuwa na wateja. Wateja wanataka mhuri, mhuri unataka majokofu, majokofu yanataka mwenye pesa, mwenye pesa anataka wateja. Nilipanda na kushuka ngazi za maofisi mpaka mlinzi wa jengo moja akawa ananiwekea kiti changu. Nikimuuliza leo bosi yupo, ananijibu, mzee, kaa kwanza upumzike, ya bosi tutayasema baadaye.

Kulikuwa pia na mashindano ya wabunifu. Mjukuu akashinda! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wakampa hundi ya ubao mkubwa kama mlango, wakapiga naye picha. Tuliibeba kichwani mimi na seremala, na mtaani kila mtu akatuita matajiri, wengine wakaanza kunikumbusha undugu nisioujua. Kumbe ile zawadi haikuwa pesa. Ilikuwa gharama ya mafunzo, wamejilipa wenyewe kumfundisha. Na unajua walimfundisha nini? Jinsi ya kuomba pesa. Walimfundisha kulieleza jokofu kwa dakika tatu, halafu kwa dakika moja, halafu kwa muda wa watu kupanda lifti. Nikamuuliza, kwani lifti ikifika juu wanatoa? Akasema hapana babu, ikifika juu wanakupa kadi yenye namba ya simu. Ule ubao sasa tunakingia upepo usizime jiko.

Katikati ya danadana hizo kampuni moja ya soda ikamwita. Inataka mtu wa kusimamia mafriji yake yote, yale ya vioo yanayokaa madukani, mshahara mzuri, gari la kampuni. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mkwe wangu akaniambia, baba, mtoto wangu ana shahada na viatu vyake vimetoboka. Nilimjibu kwa sauti kubwa sana, lakini halikuwa jibu. Mjukuu mwenyewe alikuja karakanani akawa analifuta jokofu vumbi, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Alisema, babu, mwezi ukiisha hatujapata kitu, naenda kwenye soda. Nikasema utaliacha? Akasema silali nikifikiria kuliacha, lakini mama ananitazama miguu.

Ndipo ulipotokea mfuko wa vijana. Hao wanatoa pesa kwa vijana wabunifu, pesa ya kupewa, si ya kukopeshwa, na mjukuu alisoma masharti yao kwenye kompyuta mpaka macho yakawa mekundu. Wakamjibu. Wakasema watakuja kuona kwa macho. Akaja bwana mmoja ninayemwita Miwani, kwa sababu miwani yake hukaa kichwani badala ya machoni, akaja na mwanasheria wao, mama mkimya mwenye kalamu. Kabla hawajafika mjukuu aliniomba, babu, leo niache niseme mimi. Nikamwambia nitakuwa kama ukuta.

Mdogo wangu, unanijua.

Aliongea vizuri. Zile dakika tatu zao alizitumia zote na hazikuzidi. Jokofu likatoa barafu, na Miwani akaishusha miwani machoni kwa mara ya kwanza. Akalizunguka jokofu, akapapasa lile bomba nene linalosimama wima kati ya mitungi miwili, sisi tunaliita shingo, akauliza kama anayejisemea tu, ni nani aliyefikiria kitu hiki. Mjukuu akavuta pumzi ajibu. Ukuta ukaongea.

Nilisema shingo ni yangu. Laiti ningeishia hapo! Nikasema na mitungi ni yangu, na sanduku ni langu, na hata wazo lenyewe la barafu ya moto nilikuwa nalo kabla baba yake binti huyu hajazaliwa, nilikosa nafasi tu. Nikasema kila anachokijua nimemfundisha mimi, chuo kilimpiga rangi. Nikamtoa Miwani nje nikamwonyesha mageti. Nikamtajia umri wangu, nikainua nyundo kubwa kwa mkono mmoja aone. Miwani akacheka sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mzee hazina. Nikavimba. Sikuona kwamba mwanasheria alikuwa haondoi kalamu kwenye karatasi.

Wiki iliyofuata wakampigia simu. Alisikiliza akiwa amesimama katikati ya karakana, akisema ndiyo, ndiyo, naelewa. Halafu akaketi juu ya ndoo. Akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Mfuko ule ni wa vijana wasiozidi miaka thelathini na mitano, na ubunifu lazima uwe wa kijana mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, ndivyo walivyoelekezwa na wanaowapa wao hizo pesa. Kama yupo mzee wa miaka sabini na tisa anayesema shingo ni yake na wazo ni lake, basi kitu hicho si cha kijana, na kesho mzee huyo anaweza kwenda mahakamani kukidai. Wametupa nafasi moja. Twende wote wawili ofisini kwao, mzee aulizwe mbele ya jopo.

Nilifoka mpaka seremala akazima msumeno wake asikilize. Pesa gani hii inayoogopa mvi? Nikiwa kijana niliambiwa na benki sina uzoefu, leo nina uzoefu naambiwa sina ujana, sasa nilitakiwa nizaliwe lini? Nikasema niletewe karatasi niandike kwamba nampa mjukuu wangu kila kitu, bure, kwa wino na kidole gumba, wakitaka na kisigino. Mjukuu alikuwa keshauliza hilo. Walimwambia mtu hawezi kutoa kitu bila kwanza kukubali kwamba kilikuwa chake, na akishakubali, umri wake umeshaingia ndani.

Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu, ningepata pa kubishia. Alisema tu, babu, amua wewe, mimi siwezi kukuambia useme nini. Na mwezi ulikuwa umebakiza siku chache.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nikukatie simu, na ukishalisoma usimsomee mtu.

Tulikwenda. Ofisi yao iko juu kabisa, chumba cha vioo chenye kiyoyozi kikali, mimi na koti langu la harusi nikatetemeka. Jopo walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu. Miwani akanikaribisha kwa heshima, akaniomba nieleze kwa maneno yangu nilifanya nini kwenye jokofu. Nilisimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikakosa la kujisifia, wewe ni shahidi, hata kwenye msiba nasifu jeneza kama nimelitengeneza mimi. Nikasema, wanangu, mimi ni mzee ninayependa kupiga domo. Siku ile nilitia chumvi. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko na kushika kurunzi. Mengine yote ni ya binti.

Nikadhani yameisha. Yule mama mwanasheria akasema samahani mzee, swali moja. Akabonyeza kitu, ukutani ikatokea picha ya shingo ikiwa imepasuliwa katikati, kubwa kama dirisha. Akauliza, hiki kilichomo ndani ni cha kazi gani?

Mle ndani ya shingo kuna sahani ndogo za chuma zilizotobolewa matundu, zimepangwa moja juu ya nyingine, zimeinamishwa kidogo, hii huku, hii kule. Nazijua zote kama ninavyovijua vidole vyangu. Moja ina kovu upande wa kushoto, kwa sababu fimbo ya kuchomelea iliniishia katikati nikamalizia kwa kipande. Picha haionyeshi kovu hilo. Mimi nalijua.

Nikasema, sijui, mama. Labda ni mapambo.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka babu yao wenyewe, na mmoja akanisogezea chupa ya maji akanifungulia na kizibo. Mwanasheria hakucheka. Aliniangalia, akaandika neno moja, akafunga kalamu. Mimi nikameza maji yale kama mtu anayemeza misumari.

Kisha wakamgeukia mjukuu. Akaeleza kwamba mvuke wa amonia unapopanda hubeba na maji, na yale maji yakifika mtungi wa pili hukwama huko, hayarudi, yanaua ubaridi. Ndani ya shingo maji hugonga sahani, hupoa, hudondoka yakarudi yalikotoka, na amonia hupita peke yake. Mdogo wangu, mimi niliifanya kazi ile lakini sikuwahi kuwa na maneno yake. Nilisikiliza kazi yangu ikielezwa vizuri kuliko ninavyoweza, nikatamani kupiga makofi, nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa kurunzi. Hakutaja ni nani aliyeifikiria. Hakuna aliyemuuliza tena. Muda wote hakuniangalia, na ningeshindwa kama angeniangalia.

Ukweli ni huu. Jokofu lilipokuwa linakataa, mjukuu alisafiri siku moja kwenda kutafuta amonia ya bei nafuu. Mimi nilibaki nalitazama. Nikakumbuka nilipokuwa mwanafunzi wa fundi bati, kabla ya mageti, kazi yetu ilikuwa mabirika. Birika lenye mdomo mfupi likichemka hutema maji jikoni. Fundi wangu alinifundisha kuuinua mdomo juu, na pale unapoanzia kutia kipande cha bati chenye matundu, birika likaacha kutema. Nikajiambia, hili jokofu linatema. Wazo la barafu ya moto halikuwa langu hata kidogo, hilo nilidanganya, na mitungi tulinunua kwa muuza vyuma chakavu. Lakini kutema nilikuona mimi. Nikafungua vali. Harufu iliyotoka, mdogo wangu, iliondoa watu mtaa mzima. Seremala alikimbia na ubao begani machozi yakimtiririka, akaniita majina ambayo siwezi kumwandikia mwalimu. Hewa ilipotulia nikamwaga kilichobaki, nikasuuza mitungi, nikakata bomba, nikatengeneza shingo na sahani zake, nikachomelea.

Mjukuu aliporudi alinigombeza kama mama anavyogombeza mtoto aliyechezea kiberiti. Alisema babu ungekufa, ungeua na watu. Hakuwasha hata jiko mpaka alipokwisha kusukuma maji ndani kwa pampu kuona kama pameshika. Palishika, bila shaka, nimechomelea mimi. Akajaza dawa upya, akawasha, tukasubiri. Barafu ilipotokea alinigeukia akauliza, babu, hii umeitoa wapi? Nikamwambia, kwenye birika. Akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, nami nikacheka. Tangu nimzike mke wangu sikuwahi kupata siku kama ile. Na ni ile ile niliyosimama mbele ya wageni nikaikana.

Pesa wamekubali kutoa. Kampuni ya soda aliijibu hapana siku ya mwisho kabisa. Mkwe wangu amenunuliwa kitenge, naye mjukuu amejinunulia viatu. Usifikiri nimetulia, hata hivyo. Pesa inakuja kwa mafungu, na fungu la kwanza lilikuja na sharti: kazi ya kuchomelea ifanywe na fundi mwenye cheti. Mimi sina cheti, na kwa maneno yangu mwenyewe mbele ya watu watano sijui hata shingo ni ya nini. Ameajiriwa bwana mmoja, mtu mzima mwenye watoto, mwenye adabu, ana cheti chenye picha. Anachomelea kwenye karakana yangu, kwa kodi ninayolipwa na mfuko, nami nakaa kwenye kigoda namtazama. Shingo ya kwanza alizilaza sahani zote kama meza. Nilivumilia mpaka jasho likanitoka. Mwisho nikamwambia, mimi sijui, baba, lakini ningekuwa najua ningeziinamisha kidogo, maji yapate pa kushukia. Akafikiri, akaziinamisha, jokofu likagandisha. Akanipiga bega akasema, mzee, wewe una bahati ya kubahatisha.

Hayo ndiyo maisha yangu sasa. Nabahatisha kutwa nzima.

Mimi na mjukuu hatujaizungumza siku ile ya ofisini. Huja asubuhi, ananiamkia, ananiletea kahawa, anaketi karibu nami kuliko zamani. Mara moja alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, nikamuuliza haraka kama maranda yametosha. Sitaki aniombe radhi. Akiniomba radhi itabidi niseme haidhuru, na mimi sijafika hapo bado.

Sikuombi unitetee. Ukikutana na mtu wa mfuko ule popote, kaka yako alishika kurunzi, na aliishika vizuri. Majokofu sita yameshakwenda kupimwa, mawili wameshayapasua, na shingo zake hazikuachia, hilo nimeletewa habari. Wape salamu watoto wako wote na wajukuu, na mwambie shemeji ile dawa ya goti aipashe moto kwanza kabla ya kukupaka. Ukinijibu, niandikie kwa herufi kubwa.

Mimi kaka yako, fundi.

Haya yote niliyoandika ni kweli tupu, isipokuwa yale niliyokiri mwenyewe kwamba nilimdanganya Miwani. Usiponiamini muulize seremala, ambaye hadi leo akinusa amonia macho yanamtoka maji. Muulize mama muuza maziwa, aliniona nimelala chali chini ya mtungi na cheche zikiniangukia. Muulize mkwe wangu, ndiye aliyefua shati lenye matundu. Mjukuu wetu naye anajua kila kitu, lakini yeye usimuulize.